Pantoni Si Daraja Lililochelewa

Tangini, kata ya mji wa Kibaha kando ya Barabara ya Morogoro, imekaa kati ya vivuko viwili. Ukishika njia ya magharibi na kuipita Mlandizi, unafika Mto Ruvu, ambao wasafiri wa zamani hawakuuvuka bila kumwita mwenye mtumbwi. Ukishika njia ya mashariki hadi barabara inapokutana na bahari, unafika Kivukoni, ambako kila siku makumi ya maelfu ya watu hupanda pantoni kwenda na kurudi Kigamboni. Kivuko cha kwanza kilikufa zamani na hakuna anayekililia. Cha pili kilitabiriwa kifo mwaka 2016, daraja lilipofunguliwa, lakini foleni yake haijaisha. Tofauti hiyo haikuja kwa bahati. Hoja ya makala haya ni kwamba vivuko hivi viwili havikuwahi kuwa kitu kimoja, ingawa lugha na serikali vimeviita kwa jina moja. Cha Ruvu kilifanya kazi ya daraja, na cha Kivukoni kinafanya kazi ya basi. Kwa kuwa tumeendelea kukiona cha pili kwa macho tuliyokionea cha kwanza, usafiri wa majini wa Dar es Salaam umekaa miongo mingi ukisubiri kufa, badala ya kupangwa ili uishi.

Tuanze na Ruvu, maana ndiko mazoea yetu ya kufikiri yalikozaliwa. Katika karne ya 19 sehemu ya chini ya mto huu ilijulikana kwa wageni kwa jina la Kingani, na ulikuwa mto mkubwa wa kwanza kwa msafara uliotoka Bagamoyo kuelekea bara. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, alimkuta hapo mvushaji aliyemtaja kwa jina, Kingwere, mwenye mtumbwi wa gogo lililochongwa, na mizigo yake ikavushwa kwa mtumbwi huo. Miaka 18 baadaye, Desemba 1889, Stanley aliufikia tena mto huo huo akitoka bara pamoja na Emin Pasha, na ni kwenye kivuko cha Kingani alikopokelewa na Hermann von Wissmann, kamanda wa Wajerumani waliokuwa wakipigana na Abushiri na wenzake. Kati ya safari hizo mbili utawala wa pwani ulibadilika na bendera zikabadilika, lakini mahali pa kuvukia palibaki na uzito ule ule, kwa sababu aliyeshika kivuko alishika njia. Hii ndiyo maana ya kwanza ya kivuko katika historia ya Pwani: lango. Msafiri hakwenda mtoni kwa ajili ya mto, bali alikwenda mbali, na mto ulimzuia. Mtumbwi ulikuwa dawa ya kizuizi, na thamani yake ilidumu kwa muda ule tu ambao kizuizi kilidumu.

Walikuwapo waliodhani mito hii ingeweza kuwa njia yenyewe badala ya kuwa kizuizi cha njia. Stanley aliandika kwa matumaini makubwa kwamba Mto Wami, jirani wa Ruvu upande wa kaskazini, ungeweza kubeba meli ndogo za mvuke kutoka pwani hadi karibu na milima ya Usagara. Ndoto hiyo haikutimia. Mito ya nyanda hizi hujaa wakati wa masika na kupungua sana wakati wa kiangazi. Hupinda mno, na mafungu ya mchanga huhama kila mwaka. Kilichokuja kuunganisha pwani na bara kilikuwa reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Reli ilipouvuka Ruvu kwa daraja, na barabara ya magari nayo ikapata daraja lake, mto ulimaliza kazi yake katika usafiri. Ulipewa kazi nyingine, nayo ni kubwa zaidi: mwaka 1959 mtambo wa Ruvu Juu ulianza kusukuma maji kutoka Mlandizi kwenda Dar es Salaam, na mwaka 1976 ukafuata wa Ruvu Chini upande wa Bagamoyo. Leo mabomba yanayopita Kibaha yanabeba maji ya mto ule ule ambao misafara iliuvuka kwa mtumbwi. Hakuna haja ya kumfufua Kingwere. Kazi yake ilikuwa kuvusha, na daraja linavusha vizuri zaidi.

Tatizo ni kwamba tuliufanya ukweli huo wa Ruvu kuwa kanuni ya vivuko vyote, na kila muongo ulipopita kanuni ilizidi kuonekana sahihi. Kwa miaka mingi wasafiri wa Lindi na Mtwara walikwama Ndundu wakingoja kuvuka Rufiji. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa, lenye urefu wa takriban mita 970, likafunguliwa na kivuko kikasahaulika. Kule Kilombero, kivuko kilizama Januari 2016, na miaka miwili baadaye daraja lilizinduliwa likiwa tayari limemaliza utegemezi wa chombo cha majini kati ya Ifakara na Ulanga. Mwezi Juni 2025 likafunguliwa Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, na vivuko vilivyokuwa vikiikata Ghuba ya Mwanza vikakosa kazi hapo. Hadithi imekuwa moja kila mara: watu wanateseka kivukoni, daraja linaahidiwa, daraja linakuja, watu wanashangilia. Na wana haki ya kushangilia. Ila hadithi inayorudiwa hivyo hujenga imani, na imani hiyo inasema kwamba kivuko ni daraja lililochelewa, kitu cha kuvumiliwa mpaka fedha zipatikane.

Imani hiyo inaonekana hata katika mpangilio wa serikali. Vivuko vya umma vinaendeshwa na Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, ulioanzishwa mwaka 2005 chini ya wizara ya ujenzi, na wakala huo huo ndio unaotengeneza magari ya serikali na kusimamia kazi za umeme katika majengo yake. Mabasi yaendayo haraka, kwa upande wao, yako chini ya wakala wa DART, ambao ni wa TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Kwa hiyo mwenye pantoni na mwenye basi wana wizara mbili, bajeti mbili na mipango miwili, ingawa abiria wao ni mmoja. Hapo zamani kulikuwa na mdhibiti mmoja, SUMATRA, ambaye jina lake lenyewe liliunganisha usafiri wa nchi kavu na wa majini. Kisha kazi zikagawanywa: vyombo vya majini vikawa chini ya TASAC, iliyoanza mwaka 2018, na mabasi na reli vikaenda LATRA, iliyoundwa mwaka 2019. Kwa meli ya shehena inayotoka Mombasa mgawanyo huo una maana. Kwa mama anayetoka Kigamboni na ndoo ya samaki kuelekea Kariakoo hauna maana yoyote, maana safari yake ni moja tangu mlangoni kwake hadi sokoni, na maji ni sehemu yake ya katikati tu.

Sasa tugeuke tutazame Kivukoni. Hapa si mtoni kwa maana kamili, ni mlango wa hori ambamo mito ya Kizinga na Mzinga humwaga maji yake, hori lile lile lililompendeza Sultani Majid kwa utulivu wake alipoanza kujenga mji miaka ya 1860. Mji ulikulia ukingo wa kaskazini na magharibi, na ng'ambo kukabaki mashamba, minazi na vijiji vya wavuvi, ila watu wa pande hizo mbili hawakuacha kuvukiana. Ishara iko katika majina. Barabara ya ufukweni ambayo Waingereza waliiita Azania Front tuliibadili ikawa Kivukoni Front, yaani mji huru ulipoupa jina uso wake wa mbele uliupa jina la kivuko. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wenyewe, chuo cha kuwaandaa viongozi kilichofunguliwa Kigamboni nacho kiliitwa Chuo cha Kivukoni, ambacho leo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Soko kuu la samaki liko hapo hapo, na watu huliita Feri. Ruvu haikuwahi kuzaa mambo hayo. Kwenye kivuko cha msafara hakukujengwa mji, kwa sababu kila aliyefika alitaka kuondoka. Kivukoni pamejengwa kwa sababu wengi wanaofika hapo wamefika wanakokwenda: sokoni, ofisini, shuleni, hospitalini, kituoni.

Mtihani wa hoja hii ulikuja Aprili 2016, lilipozinduliwa Daraja la Nyerere kati ya Kurasini na Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lililojengwa kwa ubia wa NSSF na serikali. Kama pantoni ingekuwa daraja lililochelewa, siku hiyo ingekuwa siku ya mazishi yake. Mwenda kwa miguu hatozwi chochote kuvuka daraja, na upande wa pantoni nauli ni shilingi 200, iliyopanda kutoka 100 mwaka 2012 huku wananchi wakilalamika. Mtu angetarajia kwamba bure itaishinda mia mbili. Haikuishinda. Magari mengi yalihamia darajani, kama ilivyopasa, lakini watu walibaki Magogoni, kwenye gati la pantoni hapo Kivukoni. Sababu si ushabiki wala mazoea. Daraja limejengwa ndani ya hori, mbali na katikati ya mji, kwa kuwa lingejengwa mlangoni lingelazimika kupaa juu sana ili meli za bandarini zipite chini yake. Anayetembea hawezi kuzunguka hadi Kurasini na kurudi mjini. Akitaka kupita huko lazima apande daladala, alipe nauli na akae kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa. Pantoni inamchukua kutoka ukingo wa makazi yake na kumshusha ukingo wa mji kwa dakika chache.

Tuitazame na pantoni yenyewe. MV Magogoni, iliyoanza kazi mwishoni mwa muongo wa 2000, ilijengwa kubeba abiria 2,000 na magari 60. Hata magari yote 60 yakijaa watu, hayafikii nusu ya wanaosimama sitahani. MV Kazi, iliyoundwa nchini na kampuni ya Songoro Marine, inabeba watu 800. Vyombo hivi vilisanifiwa kwa sura ya kipande cha barabara kinachoelea, chenye mlango wa kuingizia malori, lakini wanaovitumia zaidi ni watu wasio na gari. Ndiyo maana miaka hii ya karibuni, vivuko vilipoelemewa na vingine kuwa matengenezoni, nafuu ilitafutwa kwa boti za Azam Marine zinazobeba abiria peke yao, kwa makubaliano na TEMESA. Uamuzi huo umekiri kwa vitendo jambo ambalo sera haijalitamka. Sensa ya 2022 iliikuta wilaya ya Kigamboni na watu zaidi ya 317,000, karibu mara mbili ya wale wa 2012. Watu hao hawakuhamia huko kwa sababu ya daraja peke yake. Wilaya ilikua huku ikiwa na njia mbili, moja ya magurudumu na moja ya miguu.

Mwaka 2016 ulileta jambo jingine ambalo halijapewa uzito wake. Mwezi mmoja baada ya daraja kuzinduliwa, mabasi ya mwendokasi yalianza kukimbia katika njia ya kwanza, kilomita 20.9 pamoja na matawi yake, kuanzia Kimara. Njia hiyo ya Barabara ya Morogoro inaishia wapi? Kivukoni, hatua chache kutoka kwenye geti la pantoni. Baadaye barabara ikapanuliwa kuwa njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2. Tazama basi mtu wa Tangini mwenye shughuli Kigamboni: kutoka Kibaha hadi Kivukoni yuko kwenye mstari mmoja, na mstari huo unamkabidhi kwa chombo cha majini. Kwenye ramani huo ni mtandao mmoja uliokamilika. Katika maisha ya abiria ni mitandao miwili isiyojuana, maana basi halijui pantoni itang'oa nanga saa ngapi, pantoni haijui basi limeshusha watu wangapi, na nauli ya huku haimfai abiria kule. Miundombinu ilishakutana. Kilichobaki ni taasisi kukutana.

Wapo watakaojibu kwamba mji ukipata fedha za kutosha utajenga madaraja mengine au hata njia ya chini ya maji, na hapo hoja ya pantoni itaisha. Jibu liko Istanbul, mji ambao maji yameupasua katikati kama Dar es Salaam ilivyopasuliwa na hori lake, ila kwa upana mkubwa zaidi. Kampuni ya Şirket-i Hayriye ilianzishwa mwaka 1851 ili kuvusha abiria wa Bosphorus kwa meli za mvuke. Daraja la kwanza lilifunguliwa mwaka 1973, la pili 1988, reli ya chini ya bahari 2013, daraja la tatu 2016. Meli bado zinavusha, zikiwa na ratiba na zikipokea kadi ile ile inayotumika kwenye basi na treni. Hazikusalia kama ukumbusho wa zamani. Zimesalia kwa sababu gati liko katikati ya mji na miguu ya daraja haipo hapo. Kila daraja lilipofunguliwa lilichukua magari, na magari si kazi kuu ya meli hizo.

Pingamizi la pili ni zito kuliko yote, nalo ni usalama. Pwani na maziwa yetu yana makaburi mengi ya wasafiri. Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe, Mombasa, kilipinduka na kuua watu 272. Septemba 2018 MV Nyerere, kivuko kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Ukara katika Ziwa Victoria kikiwa na watu wengi kuliko idadi hiyo, na zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Anayetetea usafiri wa majini bila kuwataja marehemu hao hastahili kusikilizwa. Lakini tutazame walikufaje. Katika misiba yote miwili chombo kilijazwa kupita uwezo wake, na watu hujazana pale ambapo hawana hakika kama chombo kingine kitakuja. Abiria anayejua kwamba boti inayofuata ipo baada ya dakika kumi ana sababu ya kungoja. Asiyejua hurukia iliyopo. Ukikiona kivuko kuwa daraja la muda, utanunua chombo kimoja na kukitumikisha hadi kichoke, na siku kinapopelekwa chelezoni, kama MV Magogoni ilivyopelekwa Mombasa mwaka 2023 kwa ukarabati mkubwa, wote wanabanana kwenye vilivyosalia. Ukikiona kuwa basi, utaweka chombo cha akiba, utahesabu watu getini na utalinda ratiba. Misiba hiyo haituambii tuyakimbie maji. Inatuambia tuache kuyapangia kana kwamba ni ya kupita tu.

Tatu, yupo atakayekumbusha boti ya MV Dar es Salaam, iliyoletwa mwaka 2014 kwa safari za Dar es Salaam na Bagamoyo ili kupunguza msongamano. Huduma hiyo haikudumu. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alihoji kasi ya chombo, na mwishowe boti ikakabidhiwa kwa jeshi la wanamaji. Je, huo si ushahidi kwamba boti haziwezi kuwa usafiri wa mji? Ni ushahidi, ila wa jambo jingine. Boti hiyo ilishindana na barabara ya lami kwa umbali wa makumi ya kilomita, kwa safari chache kwa siku, wakati abiria wengi wa ukanda ule hupanda na kushuka njiani, Mwenge, Tegeta, Bunju, ambako chombo cha baharini hakiwafikii. Pantoni ya Magogoni ina sifa zilizo kinyume kabisa: umbali mfupi, safari nyingi, umati pande zote mbili, na njia ya nchi kavu iliyo ndefu zaidi. Ndiyo sababu hoja hii haimwambii mtu atafute maji popote na kuweka boti. Ruvu ibaki chanzo cha maji ya kunywa. Msimbazi, unaotoka vilima vya Pugu na Kisarawe na kufurika Jangwani kila masika, unahitaji nafasi ya kupitisha maji yake kabla ya kitu kingine. Historia haitupi ruhusa ya kuota kama Stanley alivyouotea Wami. Inatupa kipimo: chombo cha majini hufaa pale ambapo watu wanaishia ukingoni, na hakifai pale ambapo wanataka tu kuupita.

Kwa kipimo hicho kazi inayofuata inajulikana. Jiji la Kochi, kusini mwa India, lilianzisha mwaka 2023 huduma ya boti za umeme zinazounganisha visiwa vyake na bara, nayo ilisanifiwa tangu mwanzo kama tawi la treni ya mji, ikiwa na magati yaliyojengwa kama vituo na tiketi zinazofahamiana na za treni. Walianza kwa kuuliza abiria anatoka wapi na anakwenda wapi. Dar es Salaam, yenye watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, ina gati ambalo tayari limekutana na mwisho wa barabara yake kuu. Haihitaji kubuni kivuko kipya. Inahitaji nauli moja kutoka Kibaha hadi Kigamboni, ratiba moja kwa basi na pantoni, chombo cha akiba kisichoguswa ila kwa dharura, na ofisi moja inayowajibika kwa safari nzima.

Kingwere alikuwa na mtumbwi mmoja, na akiwa ng'ambo, msafara ulikaa ukingoni ukimwita mpaka asikie. Kwa mto wa msafara hilo lilitosha, kwa kuwa wale waliovuka leo hawakurudi kesho. Wanaovuka Magogoni asubuhi hurudi jioni, na kesho huja tena, na watoto wao watakuja baada yao. Kivuko chenye watu wa namna hiyo hakimngoji mhandisi wa daraja aje kukipumzisha. Kinangoja kuandikwa katika orodha ya vituo, baada ya Kimara, Ubungo na Fire, kama kituo kinachofuata.